Sindano Niliyoichagua Beni

Kama umeambiwa kwamba watakutoboa kifua ili wachukue kipande cha pafu lako, kuna jambo moja ambalo pengine watasahau kukuambia, kwa hiyo naanza nalo: kuna sindano inayolia. Maumivu yenyewe ni madogo, kwa sababu wanakuchoma ganzi kwanza. Mlio ndio shida. Mimi niliusikia kabla ya siku yangu, na kwa sababu yake nikachagua sindano nyingine. Leo napanda kilima cha kwetu Butembo kwa kusimama kila baada ya nyumba chache, nikijifanya naangalia maua ya watu, na sijafika miaka thelathini.

Ugonjwa ulinikuta mwaka niliomaliza licence, yaani shahada, ya pedagogia. Nilikuwa nimeahidiwa darasa katika shule ya sekondari huko Kipese, na nilikuwa nimeanza kuandaa masomo ya mwaka mzima, hata maswali ambayo wanafunzi wangeweza kuniuliza nikose jibu. Ndivyo nilivyo. Jambo likija, nalizunguka hadi nichoke, halafu naanza upya upande wa pili. Kikohozi kilipoanza nilikizunguka vilevile: ni baridi, ni vumbi la chaki, ni moshi wa jikoni. Kila sababu niliipa wiki zake.

Walitafuta kifua kikuu katika makohozi yangu, hawakukiona. Lakini picha ya kifua ilifanana nacho, wakanitibu hivyo hivyo. Kwanza ilikuwa miezi ya sindano za kila asubuhi. Tulipanga foleni nje ya kituo cha afya, kila mmoja na kikwembe begani kwa sababu ya ukungu, na tulijuana kwa vikohozi kabla ya kujuana kwa majina. Kisha ikaja miezi ya vidonge, mkojo wangu ukawa wa rangi ya machungwa kama maji ya maracuja. Kikwembe kilichokuwa kinanizunguka mara moja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili. Nyumbani walitenga kikombe changu na sahani yangu, wakavitia alama ya rangi ya kucha. Hakuna aliyenieleza. Nilikuta tu alama nyekundu chini ya kikombe, nikanywa chai yangu.

Katika korali ya kanisa nilikuwa alto. Niliacha kuimba, lakini niliendelea kuhudhuria mazoezi, nikikaa benchi la nyuma na kufungua mdomo bila kutoa sauti. Wenzangu walijua na walinyamaza. Hiyo ilikuwa huruma ndogo, na bado nawashukuru.

Vidonge vilipokwisha, kivuli katika picha kilikuwa kimekua. Daktari wa Butembo alisema hawezi kuendelea kunipa dawa kwa kukisia. Alikuwa amesikia kwamba Beni kuna daktari anayeingiza sindano kwenye pafu huku akiangalia ndani ya mwili kwa ekografi. Kivuli changu kilikuwa kimegusa ukuta wa kifua, kwa hiyo mashine ingekiona. Wangetoa kipande, kipande kingepelekwa Kampala, na Kampala ingesema ni nini. Bila hicho, alisema, tutakuwa tunakutibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Nilikwenda na mama yangu. Hapa lazima niseme jambo kuhusu mama, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Watu wanamwita Mama Paluku kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kaka yangu. Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa wangu, kwenye barabara hiyo hiyo ya Beni, wanajeshi wa kizuizi kimoja walimshusha Paluku kwenye lori. Mama alikuwa amekaa naye, magoti yakigusana. Aliona mtoto wake akisimamishwa kando ya barabara, akasikia bunduki ikikokiwa, mlio mdogo wa chuma, halafu yale mengine. Alituhadithia mara moja tu, na alichohadithia ni ule mlio mdogo. Risasi hakuitaja.

Safari yetu ilikuwa salama. Kwenye kizuizi cha mwisho mwanajeshi alichungulia ndani ya lori akauliza kwa Lingala tunakwenda wapi: «Mama, okei wapi?» Mama alinyoosha kidole kwenye kifua changu. Wakati huohuo nikakohoa, bila kukusudia, na kizuizi kikafunguliwa haraka sana. Abiria walicheka hadi Beni. «Huyu ndiye laissez-passer yetu, karatasi yetu ya kupita,» mmoja alisema.

Daktari alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, wa sauti kubwa, aliyetumwa na serikali zamani kabla ya vita na kusahauliwa pale. Nitamwita Docteur Kabeya. Wageni waliokuwa wakisaidia hospitali walipoondoka kwa ndege kutoka uwanja wa Mavivi walimwachia katoni ya sindano za kila aina, naye alikuwa anazilinganisha: ipi inatoa kipande cha kutosha, ipi inamwagisha damu, ipi inaingiza hewa mahali ambapo hewa haitakiwi. Alinionyesha tatu juu ya sinia. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ndefu, kama ya kutolea damu. Ya pili ilikuwa nene kidogo, ya kusukumwa kwa mkono, lakini alikuwa ameshaiacha kwa sababu ilipinda kwenye mbavu. Ya tatu ilikuwa na mpini wa plastiki wenye springi ndani: unaivuta, unabonyeza, inaruka mbele na kukata.

«Ipi ni nzuri?» niliuliza.

«Mademoiselle, mi hapana juwa bado yote. Ndiyo maana niko nalinganisha. Mais kwa wewe mi napenda hii ya kukata. Hii nyembamba inavuta maji na vitu kidogo-kidogo. Ni kama kuonja mchuzi bila kupata nyama.»

Nikamuuliza mangapi yanaweza kuharibika. Akanijibu. Nikauliza tena kwa njia nyingine. Infirmier Kasereka, muuguzi wake, aliyekuwa anaosha mikono, alisema bila kugeuka, «Docteur, huyu angetupa mtihani sisi.»

«Kitu moja tu,» daktari alisema. «Hii inalia. Ukiruka, inapasua. Donc nakusikilizisha mbele, ili usishtuke.» Alichukua ile ya maonyesho, ambayo ncha yake ilikuwa imepinda, akaivuta, akabonyeza, ikalia:

Kaa.

Mlango wa korido ulikuwa wazi. Kwenye mabenchi walikaa wagonjwa na watu waliokimbia vijiji vya msituni, waliokuwa wakilala uani na kupika chini ya madirisha. Wote walilala chini. Sikusikia hata kilio. Kulikuwa na nguo zikisugua sakafu tu, halafu kimya. Mama alikuwa ameshanivuta. Nilijikuta chini ya meza ya daktari, uzito wake wote juu ya mgongo wangu na kiganja chake juu ya kichwa changu.

Docteur Kabeya alibaki amesimama na ile sindano mkononi, peke yake katika chumba kizima. Sijawahi kuona mtu mrefu akitamani kuwa mfupi namna ile.

«Pardon,» alisema. «Pardon, ba mama. Pardon.»

Mzee mmoja wa korido ndiye aliyesimama kwanza, akipangusa magoti. «Docteur, sisi tulikuja hapa tukufe na ugonjwa. Hapana tukufe na mulio.» Watu wakacheka, wakaanza kuokota vitu vyao. Mama hakucheka. Alinipangusa vumbi mgongoni, akaendelea kupangusa hata lilipokwisha.

Sasa nilitakiwa kuchagua. Kama kuna siku ambayo ningependa kuirudia, ni ile. Nilikaa kwenye benchi nikapima. Sindano ya kukata inatoa kipande, lakini nikiruka inapasua. Je, naweza kuahidi kwamba sitaruka? Nimeshaona jibu: niko chini ya meza. Na mama atakuwa mlangoni akisikia mlio ule ukielekezwa kwenye mwili wa mtoto wake wa pili. Sindano nyembamba haitoi kipande, lakini daktari hakusema kwamba haitoi kitu kabisa. Labda kidogo kitatosha. Nilizunguka hapo hadi «labda» ikaanza kusikika kama «hakika». Kusoma kwangu kulinisaidia tu kuogopa kwa mpangilio mzuri.

Kwetu jambo la namna hiyo haliamuliwi na mtu mmoja. Tulikwenda kwenye phonie, redio ya parokia ya kuzungumzia mbali, kumtafuta baba, shemasi wa kanisa letu, ambaye naye alikuwa ameitwa kwenye phonie ya Butembo. Mwenye phonie huzungumza na nchi nzima, kwa hiyo pafu langu lilijulikana hadi Lubero. Kila anayemaliza kusema hutamka «à vous», yaani zamu yako.

«Papa, wanauliza sindano ndogo ao kubwa. À vous.»

«Ndogo inalia? À vous.»

«Hapana. À vous.»

«Basi ndogo. Mama yako asikie tena ile kitu? Hapana, hapana. Ndogo. À vous.»

Sauti nyingine ambayo hatukuijua iliingia katikati: «Papa, acheni docteur achague! À vous.» Baba akasema kwa hasira kwamba asiyehusika akae kimya. Sauti ile ikanyamaza. Mara nyingi nimejiuliza ilikuwa ya nani. Ningependa kumwambia kwamba alisema kweli.

Docteur Kabeya hakubishana. Siku iliyofuata alinilaza kwa ubavu, akanipaka mafuta baridi, na kwenye kioo cha mashine nikaona pafu langu likimetameta kijivu, na kando yake doa jeusi limetulia kama jiwe mtoni. «Shika pumzi.» Nikashika. Hakuna kilicholia. Vioo vidogo vilivyopakwa kile alichokivuta vilikabidhiwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa anakwenda Kampala kununua vikwembe. Mama alimshika mikono yote miwili, akimshukuru kwa lugha yetu: «Wasingya, wasingya.» Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha. Hilo nalo linaniuma, ile furaha.

Jibu lililetwa na infirmier Kasereka mwenyewe, alipokuja Butembo kwenye matanga ya shangazi yake. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Alikaa sebuleni kwetu, akakataa chai, nikajua.

«Kampala wanasema vitu ni kidogo, hawawezi kusema ni ugonjwa gani. Docteur anaomba urudi kwa ile ya kukata. Mais barabara…»

Barabara ilikuwa imefungwa. Yeye alipita kwa miguu, kwa njia za mashamba, na mimi sikuweza hata kufika kanisani. Walikuwa wanapigana upande wa Beni na hakuna aliyejua hadi lini.

«Hata ikifunguliwa nitaruka,» nilisema. «Nitaruka, najua.»

Mama alikuwa amesimama mlangoni. «Infirmier,» alisema, «ile kitu inalia, ile ya kuharibika. Docteur anaweza kutupatia?»

Kasereka alimwangalia. «Ya kufanya nini, Mama Paluku?»

«Atupatie tu.»

Ilifika baadaye ndani ya gunia la mchele wa Beni: mpini peke yake, sindano imekatwa kwa koleo, ukinuka javeli ya kuulia vijidudu. Kumbe ulikuwa umekaa nyumbani siku kadhaa kabla mimi sijauona.

Miezi ile ya mvua ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote. Nilianza kukohoa damu, mwanzoni nyuzi tu, baadaye zaidi. Nililala nimekaa. Nyumba yetu ni ya mbao, na kupitia mbao niliwasikia wazazi wangu.

«Wewe ndiye ulisema ndogo.»

«Na wewe? Si ulikuwa chini ya meza?»

Baada ya hapo walizungumza kupitia mimi. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Mwambie mama yako nimekwenda ibada. Nilitamani wanilaumu mimi, ingekuwa rahisi zaidi, lakini mgonjwa halaumiwi.

Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mlio. Mara ya kwanza nilikuwa namenya viazi, mama nyuma yangu. Kaa. Nikaangusha sufuria, viazi vikatawanyika hadi uani.

«Mama! Unafanya nini?»

«Okota,» alisema kwa upole. «Tutafanya tena.»

Alifanya tena. Aliliza mpini ule nilipokuwa nasuka nywele, nilipokuwa nakunywa dawa ya kikohozi, baba alipokuwa anasema amina. Hakunionya. Majirani waliuliza, «Mama Paluku, siku hizi unatega panya?» Akajibu, «Ndiyo, mukubwa sana.» Mimi niliruka, nikalia, nikamkasirikia. Kilichonishangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakutikisika. Mkono wake ulikuwa mkavu na imara kama mkono wa fundi. Hata nilimwonea wivu kidogo, nikafikiri: kumbe amesahau.

Siku moja mlio ulikuja nikiwa nasoma, nikafungua ukurasa unaofuata. Tulitazamana. Mama aliuweka mpini chini, akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Mvua zilikwisha, maharagwe yakavunwa, barabara ikafunguliwa. Beni, Docteur Kabeya aliponiona hakuniambia kwamba nimekonda. Aliuliza tu, «Utaruka?»

«Hapana.»

Alimruhusu mama aingie. Mama alishika mguu wangu wa kushoto, ndio uliokuwa karibu naye. Mafuta baridi. Doa jeusi halikuwa tena jiwe, lilikuwa limekula nusu ya kioo. «Shika pumzi.» Sikuwa na pumzi nyingi ya kushika. Kaa. Sikuruka. Mkono wa mama kwenye mguu wangu haukuruka. Daktari akarudia, kaa, na tena, halafu akapaza sauti, «Voilà!» Ndani ya chupa ya formoli, dawa ya kuhifadhia, vilielea vipande vyembamba kama nyuzi za nyama iliyochemka. Mama aliomba kuiona chupa. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, «Ni hii tu?»

Docteur Kabeya alimwomba mama ule mpini. Alitaka kuuweka kwenye korido, ili wagonjwa wengine waubonyeze wenyewe, kwa mikono yao, kabla ya siku yao. Alisema kwamba katika kulinganisha kwake alikuwa amepima urefu, unene, damu na hewa, lakini mlio hakuupima, na hapa kwetu ndio ungetakiwa kupimwa kwanza. Mama alikataa kuutoa. Alimwambia atafute mwingine, na akautafuta.

Kampala ilijibu safari hii. Haikuwa kifua kikuu, haikuwa kansa. Ilikuwa aina ya kuvu iliyoota ndani ya pafu, na dawa yake ipo, vidonge vya miezi mingi, ambavyo yule yule mfanyabiashara aliniletea kati ya vikwembe vyake. Damu ilikoma kabla ya mvua mpya. Kikwembe kilirudi kunizunguka mara moja na nusu. Siku moja nilikunywa chai, nikageuza kikombe, sikuona alama nyekundu. Mtu alikuwa ameifuta. Wazazi wangu walianza kuzungumza tena, kwanza kuhusu bei ya mbegu, halafu kuhusu mengine.

Lakini sehemu ya chini ya pafu la kulia haikurudi. Docteur Kabeya alinionyesha picha ya mwisho. «Kama tungepata kipande mara ya kwanza…» alianza, halafu akaniangalia usoni. «Mais bon.» Alizima taa ya picha. Darasa la Kipese lilipewa mtu mwingine. Korali bado nahudhuria, na bado nafungua mdomo bila sauti. Nafundisha watoto wachache hapa nyumbani, kwa kunong'ona, nao wamejifunza kukaa karibu.

Siku moja baba aliniambia, tukiwa wawili tu, kuhusu zile siku ambazo mpini ulikuwa nyumbani mimi nisijue. Mama alikuwa anauchukua hadi kwenye shamba la maharagwe nyuma ya nyumba. Baba alimfuata mara moja. Alimkuta amepiga magoti katikati ya matuta, anaubonyeza, anatapika, anajipangusa mdomo, anaubonyeza tena. Kila siku, hadi mkono wake ulipotulia. Ndipo alipouleta jikoni, nyuma yangu na viazi vyangu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi la kungojea: mwulize daktari wako ni sindano ipi angeichagua yeye, na kwa nini. Kama inalia, omba kuisikia mapema, omba kuishika, zoea. Usipime peke yako hadi woga wako uanze kuongea kwa sauti ya akili. Na usiwaachie wanaokupenda waamue kwa sababu ya kile unachodhani hawawezi kukisikia. Wanaweza kukisikia. Wanaweza zaidi ya unavyofikiri, na ungewaruhusu mapema, wasingelazimika kufanya hivyo peke yao shambani.

Mpini uko kando ya kitanda changu. Siwezi tena kuita kwa sauti hadi upande wa pili wa ua, na mama ndiye aliyeuweka pale. Nilimwambia nitagonga sahani kwa kijiko. «Kijiko sitasikia,» alisema. «Hii nitasikia hata niko wapi.» Basi nikimhitaji, nabonyeza. Kaa. Na mama anaitika kutoka jikoni, «Niko nakuja, mutoto wangu!»

Kabla hajaitika kuna kimya kifupi, kila mara. Hakijawahi kukosa. Najua mama yuko wapi ndani ya kimya kile, na magoti yake yanagusa magoti ya nani. Ningechagua ile ya kukata siku ya kwanza, mpini huu ungebaki Beni, na mimi ningekuwa namwita kwa sauti yangu.